Sura ya Saba: Mfumo Haununuliwi Kama Buti

Mwaka 2011 Jeshi la Polisi Tanzania liliingia mkataba wa takriban shilingi bilioni 37 ili vituo 108 nchini vifungiwe mashine za kutambua alama za vidole kwa kompyuta. Mkataba huo ulikuja kujulikana kwa jina la mzabuni wake, Lugumi. Mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliushughulikia kutokana na ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali: sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeshalipwa, na vituo vilivyotajwa kufungiwa mashine vilikuwa 14 tu. Nchi nzima ikauliza fedha zimekwenda wapi, na ilikuwa na haki ya kuuliza. Katika sura hii nauliza jambo jingine, ambalo lingebaki hata kama kila shilingi ingetumika kwa uaminifu: mkataba wa namna ile unanunua nini hasa?

Tulitazame jambo hili kutoka Mikumi. Mji huu wa Wilaya ya Kilosa uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, barabara inayoikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Malori na mabasi hayakomi, mchana wala usiku. Askari wa uhifadhi, ambao siku hizi wanaongozwa kwa mfumo wa jeshi usu, wakimkamata mtu na nyara za Serikali, kesi yake huishia mezani kwa polisi. Mtuhumiwa ametaja jina. Je, ndilo lake? Ana kesi Iringa kwa jina jingine? Anatafutwa Tunduma? Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Alama za vidole zilizochukuliwa kwa wino kwenye karatasi, zikasafirishwa kwenda kulinganishwa mbali, haziwezi kushindana na saa hizo. Jibu linaweza kurudi wakati mtu ameshapata dhamana na kupanda basi.

Mfumo wa kompyuta unaofanya kazi ungetoa jibu kwa dakika chache. Lakini ili dakika hizo zipatikane, kituo kinahitaji umeme usiokatika au betri ya kuuhimili ukikatika. Kinahitaji mtandao hadi kwenye seva kuu. Kwenye seva hiyo lazima kuwe na kumbukumbu zilizosafishwa, si rundo la karatasi za zamani zilizoingizwa na makosa yake. Vituo vingine navyo viwe vimeunganishwa, maana mashine ya Mikumi haina la kusema kuhusu mtu wa Tunduma kama Tunduma hawajaingiza kitu. Awepo askari aliyefundishwa, na akihamishwa, kama askari wanavyohamishwa, anayempokea afundishwe pia. Na kifaa kikigoma Ijumaa jioni, kuwe na mtu wa kupigiwa simu ambaye kisheria analazimika kuja. Katika orodha yote hiyo, mashine yenyewe ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Utaratibu wa ununuzi tuliourithi unaangalia zaidi sehemu hiyo nyepesi. Hati ya zabuni inataja idadi na sifa za vifaa. Mzabuni anashinda, anapokea malipo ya awali, mzigo unafika, kamati ya mapokezi inafungua maboksi, inahesabu, inasaini. Kwa buti, mahema na malori utaratibu huo unatosha, kwa sababu buti likipita ukaguzi limeshakuwa buti. Mfumo wa habari ukipita ukaguzi wa namna hiyo bado haujawa kitu. Kinachobaki baada ya saini ndicho kazi yenyewe, na fedha ya kuisimamia imeshatoka.

Maradhi haya si yetu peke yetu. Mwaka 2010 William Lynn, Naibu Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliandika kwamba wizara yake ilichukua wastani wa miezi 81 tangu mfumo wa kompyuta upewe fedha hadi uanze kutumika, wakati iPhone iliundwa kwa miezi 24. Miaka miwili baadaye Jeshi la Anga la nchi hiyo lilifuta mradi wa ECSS, uliokusudiwa kusimamia vifaa na ugavi, baada ya kuutumilia takriban dola bilioni 1. Kama tajiri wa kiasi hicho anaangushwa na utaratibu, sisi tuna sababu zaidi ya kuurekebisha mapema.

Nasi tuna kumbukumbu yetu: rada. Mwishoni mwa 2001 Uingereza iliidhinisha kampuni ya BAE Systems kuiuzia Tanzania rada kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema kwamba bei ni kubwa mno na kwamba mtambo wenyewe haufai kwa mahitaji ya ndege za kiraia. Hatukusikiliza. Desemba 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu ipasavyo kuhusu biashara hiyo, na makubaliano yake yakaleta pauni milioni 29.5 kwa Watanzania, fedha zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi.

Linganisha na 2017, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilipoagiza rada nne za kiraia kutoka kampuni ya Thales kwa shilingi bilioni 67.3, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Safari hii walianza na anga wanayotaka kuiona, kisha wakatafuta mitambo ya kuiona. Ile ya mwanzo ilianza na mtambo.

Hapa tunafika kwenye kizingiti kigumu zaidi, yaani siri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 iliviruhusu vyombo vya ulinzi na usalama kuwa na orodha mbili, moja ya vitu vinavyonunuliwa kwa uwazi na nyingine ya vitu vyenye masharti maalumu. Mgawanyo huo ni wa busara. Mipango ya mawasiliano ya vita haiwekwi sokoni. Hatari ni kwamba neno kompyuta likitajwa kambini, kila kitu husukumwa kwenye orodha ya pili: mfumo wa mishahara, wa stoo, wa magari, wa likizo. Mifumo hiyo ni ya ofisi kama ofisi nyingine yoyote. Ikinunuliwa kwa siri, kinachofichwa si silaha, ni bei, na askari wa kawaida ndiye anayebaki na kompyuta isiyowaka.

Nje ya kambi mambo yamesogea. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo taasisi za umma hupitisha kwake miradi yao ya TEHAMA. Mwaka 2023 zabuni za Serikali zilianza kuhamia kwenye mfumo wa NeST, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania ukachukua nafasi ya mfumo wa awali wa TANePS. Kujenga wenyewe kuna faida kubwa: kanuni ikibadilika, anayerekebisha programu yupo nchini na msimbo ni wetu. Mkataba wowote wa chombo cha ulinzi usiotaja msimbo na data ni mali ya nani, mimi ningeurudisha bila kusoma ukurasa wa pili.

Lakini NeST inasimamia jinsi zabuni inavyotangazwa na kushindaniwa. Haiandiki ndani ya mkataba kazi itapimwaje, na hapo ndipo mageuzi yanapotakiwa. Badala ya vituo 108 kwa mkupuo, wilaya moja ingeanza, na Kilosa inafaa kuliko nyingi: ina reli, ina barabara kuu, ina hifadhi, ina historia ya migogoro ya wakulima na wafugaji, ina Mto Mkondoa unaofurika, na ina kata za milimani kama Uleling'ombe na Vidunda. Malipo ya kwanza yangetoka pale alama za mtu aliyeshikwa Mikumi zitakapojibiwa kutoka Kilosa mjini. Ya pili, pale kituo cha milimani kitakapofanya hivyo msimu wa masika, umeme ukiwa umekatika. Sehemu kubwa ingeshikiliwa mwaka mzima, ikitolewa kidogo kidogo kwa kila mwezi ambao mfumo umejibu, na anayetia saini awe mkuu wa kituo anayeutumia, si kamati ya mapokezi iliyoko Dar es Salaam. Mzabuni akishindwa Kilosa, mkataba unakufa Kilosa, na vituo vingine vyote bado vina fedha zake.