Kipupwe na Demani katika Kisiwa cha Mafia

Katika vitabu vya kusomeshea vilivyotungwa Ulaya mwaka umegawanywa majira manne, na mwalimu hutakiwa kueleza mwisho wa majira ya baridi, theluji inapoyeyuka. Wengi hulitafsiri neno hilo kwa "kipupwe", kisha huendelea na somo. Twaona yafaa kulieleza neno hili kama litumikavyo Mafia, kisiwa kilichoelekea delta ya Rufiji. Maana mtoto asiyefahamu majira ya kwao hana kipimo cha kuyapimia ya wageni.

Majira ya Mafia hufuata pepo. Kusi huanza mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika. Masika yakiisha, kusi huzidi nguvu na hewa hupoa. Huo ndio wakati wa kipupwe, yaani Juni, Julai na sehemu ya Agosti. Hatimaye upepo hulegea, bahari ikatulia, na watu husema demani imeingia. Neno demani lina maana tatu: kwanza, kamba ya kuongozea tanga, pili, upande wa chombo usiopigwa na upepo, kinyume cha goshi, tatu, majira haya ya kusi ya upole. Kwa maneno hayo hata miji ya kisiwa yaweza kuelezwa. Kilindoni uko magharibi, na kusi ivumapo ndiyo demani ya kisiwa. Makao ya serikali ya Wadachi yalikuwa Chole, kisiwa kidogo cha upande wa mashariki, hata mwaka 1913 yakahamishiwa Kilindoni penye maji ya kina.

Nyumbani, mwisho wa kipupwe si wakati wa kukaa bure. Asubuhi wazee huota jua barazani, na usiku watu hujifunika shuka nzito; lakini mchana kazi ni nyingi. Mvua zimekatika, kwa hiyo mbata hukauka vizuri, na mihogo hukatwa ikaanikwa kuwa makopa. Wanaume hufyeka mapori watakayoyachoma moto kabla ya vuli, ili mpunga upate mahali. Makuti husukwa na mapaa yaliyooza huezekwa upya, kwa maana atakayengoja wingu la kwanza atalala majini. Wanawake husuka ukili wa mikeka, na makumbi yaliyofukiwa katika tope la pwani hufukuliwa, yakapigwa hata usumba ukatoka, ndio wa kusokotea kamba. Arusi nazo hufanywa, ila kama mwezi wa Ramadhani umeangukia hapo.

Baharini tofauti ni kubwa zaidi. Wakati kusi ina nguvu, wavuvi wa ngalawa hawapendi kutoka nje ya miamba upande wa mashariki, nao huvua mahali palipokingwa, kama ghuba ya Chole. Kwa hiyo katika kipupwe kitoweo huweza kuadimika hata kwa watu waliozungukwa na bahari. Demani ikiingia, vyombo hutoka mbali. Baadaye, tangu Oktoba, potwe, samaki aliye mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni mpaka mwezi wa Machi.

Watu wa pwani walikuwa na hesabu yao ya kuyajua haya. Mwaka wa Nairuzi una siku 365: miongo 36, kila mwongo siku kumi, na siku tano za ziada. Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, siku ya mwaka huadhimishwa hata leo mwezi wa Julai. Lakini hesabu hii haina siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, basi hurudi nyuma siku moja katika miaka minne, na siku 25 katika miaka mia. Kwa hiyo mwongo uliowafaa mababu kwa kufyeka haumfai mjukuu mpaka usahihishwe kwa kutazama upepo wenyewe.

Na hapo ndipo lilipo jambo kubwa. Nahodha avukaye kwenda Nyamisati hapimi bahari kwa tarehe. Hutazama kama umande unavuma alfajiri kutoka bara, kama matlai yamefuata, na kama maleleji, yaani pepo zisizo na msimamo, yamekaribia. Kijana asiyefundishwa maneno haya hakukosa maneno tu. Amekosa jicho la kuonea hatari.

Basi twawasihi walimu wenzetu wasilifanye kipupwe kuwa theluji. Waeleze baridi ya Ulaya kwa maneno marefu, kisha wawatume watoto kwa wazee wao wakaulize majina ya pepo na kazi za kila majira, wayaandike daftarini kama yalivyotamkwa.