Kinachobaki Jamvini

Msimu wa karafuu unapoingia Pemba, na majamvi yakatandazwa katika nyua na kandokando ya barabara, mgeni apitaye huona mali imeanikwa juani, akadhani kwamba mwenye jamvi lile amekwisha kuneemeka. Ilhali mwenyewe, akizigeuza karafuu zake huku akilitazama wingu, aghalabu yumo katika hesabu ya kutoa: ujira wa wachumaji, ambao hulipwa kwa kipimo cha pishi, ujira wa wanaochambua na kutenga makonyo, gharama ya kupeleka mzigo kituoni, na deni la dukani lililokuwa likingoja msimu huu tangu mwaka jana. Hesabu hiyo ndiyo ufunguo wa kufahamu namna kodi na gharama zinavyomgusa mtu wa kawaida.

Kodi zina namna mbili: ipo itozwayo juu ya faida, gharama zikiisha kuondolewa, na ipo ikatwayo juu ya bei au mavuno, kabla ya gharama kuhesabiwa. Tuseme karafuu zimeuzwa kwa shilingi 8, na kuzichuma, kuzichambua na kuzikausha kumegharimu shilingi 5. Mkulima amebakiwa na 3. Kodi ya namna ya pili ikikata shilingi 1 tu katika bei, yaani thumuni yake, mchumaji hapandi mkarafuu kwa ujira mdogo zaidi kwa sababu hiyo, wala jua haliharakishi kazi yake, basi baki inakuwa 2, na thuluthi ya riziki ya mkulima imekwenda. Kinachoonekana chepesi katika bei huwa kizito katika baki.

Wapemba wameijua kanuni hii zamani. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya kisiwa jirani cha Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa shamba kuu la karafuu, na ushuru wa zao hili ukawa nguzo ya hazina ya Masultani wa Zanzibar, kisha ya Waingereza. Katika miaka ya mwanzo ya himaya ya Waingereza ulikuwa asilimia 25, nao ulichukuliwa katika karafuu zenyewe, bila kuuliza kama mwenye shamba amepata au amekula hasara. Naye, akikosa fedha za kuwalipa wachumaji, alikopa kwa tajiri wa mjini na kuliweka shamba rehani. Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichopewa nguvu ya sheria 1934, kilikusudiwa kumwokoa na madeni hayo, lakini kilipopewa mamlaka makubwa juu ya biashara ya nje mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma kununua karafuu, na mgomo huo haukumalizika ila 1938.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ununuzi uliwekwa mikononi mwa serikali, na tangu 1968 Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, ndilo limekuwa mnunuzi. Katika miaka ya 1970, bei ya dunia ilipopaa, mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Na tofauti ile, ijapokuwa haikuitwa kodi wala haikuandikiwa stakabadhi, ilikuwa kodi nzito kuliko zote. Wengine waliijibu kwa magendo, wakivusha magunia usiku kuelekea pwani ya Kenya. Kisha Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ikapanda mikarafuu yake yenyewe ikajitosheleza, na bei ikaporomoka. Tangu 2011 serikali imefuata kanuni ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya dunia, na kwa miaka kadhaa karafuu za daraja la kwanza zilinunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Hapo magendo yakapoteza ladha, kwa kuwa hapana ajitoaye mhanga baharini kufuata faida ambayo ameipata nchi kavu.

Mwenye duka la Wete hana mkarafuu, lakini naye huishi kwa kinachobaki jamvini, maana daftari lake la madeni hufutwa msimu wa karafuu. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 15 Zanzibar, na 18 Tanzania Bara. Duka dogo lisilosajiliwa huinunua kodi hiyo ndani ya bei ya jumla, wala haliwezi kuidai irudishwe, kwa hiyo ama limwongezee mnunuzi, ama liimeze lenyewe. Mwenye nyumba ya kupangisha Chake Chake yumo katika mtihani uo huo anunuapo saruji na mabati ya kuezekea: akipandisha kodi ya pango, mpangaji ambaye mshahara wake haukupanda atahama, asipoipandisha, paa litavuja. Sheria humtaja anayepeleka fedha. Anayeubeba mzigo hujulikana kwa kutazama nani hana pa kuhamia.

Gharama nazo zaweza kupungua pasi na kodi kuguswa. Mwaka 2010 umeme ulipofika Pemba kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa kiliacha kutegemea majenereta ya dizeli, na mwenye jokofu la samaki akapata afueni ambayo hakuna bajeti iliyomtangazia.

Basi Baraza la Wawakilishi linaposomewa makadirio ya mwaka, na redio zikatangaza asilimia zilizopanda na zilizoshuka, mwenye jamvi husikiliza kisha huinama kuzikusanya karafuu zake kabla ya mvua. Asilimia hizo atazipima baadaye, atakapokwisha kumlipa mchumaji wa mwisho pishi yake.