Zamu ya Sekunde 45

Mchezaji wa hoki ya barafuni hachezi mechi nzima kwa mkupuo. Anaruka ukingo wa benchi, anakimbia kwa nguvu zake zote kwa sekunde 45 hivi, kisha anarudi kuketi akihema huku mwenzake akiingia, na refa wala hasimamishi mchezo. Aliyekulia kwetu Nunguni, nchini Kenya, ataielewa zamu hiyo upesi. Ni kama kupanda mlima wa Kilungu na mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni, kamba imekukaza paji la uso: mapaja yanawaka moto kabla hujafika barabarani, unautua, unavuta pumzi, unaubeba tena. Beki wa ligi kuu ya Marekani na Kanada hupanda mlima huo mara 25 hivi kwa usiku mmoja, na msimu una mechi zaidi ya 80 kabla hata mtoano haujaanza.

Sheria zenyewe hazina ugumu. Kila upande una watu sita pamoja na kipa, na mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Ufundi wote umo miguuni. Chuma cha kiatu kimechongwa mfereji mwembamba katikati, kikabaki na makali mawili, na mchezaji husimama juu ya moja au jingine. Akitaka kusimama ghafla huugeuza mguu ubavu, makali yanauma, na barafu inaruka nyeupe kama unga wa kinu cha mahindi. Mwili hujifunza hilo utotoni, kwa maelfu ya saa. Mtu mzima hujifunza pia, lakini akiwa anafikiri, na katika mchezo huu anayefikiri amekwisha kupitwa.

Beki Johnny Oduya alizianza saa hizo mapema. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, baba Mkenya na mama Msweden, na kaka yake Fredrik naye alikuwa mchezaji wa hoki. Akiwa kijana alikwenda Kanada kucheza ligi ya vijana. Huko ndiko ajira ya mchezo huu inakoanzia kwa wengi: kila mwaka timu za ligi kuu ya Marekani na Kanada huchagua vijana kwa zamu, na anayechaguliwa hana usemi juu ya timu. Mwaka 2001 Washington ilimchagua Oduya akiwa wa 221. Hakuichezea hata mechi moja. Alirudi Sweden, akacheza huko mwaka baada ya mwaka, hadi New Jersey ilipompa nafasi mwaka 2006, akiwa na miaka 25. Mimi miaka hiyo mitano ndiyo inayonigusa kuliko vikombe vilivyofuata.

Kisha kuna jambo ambalo mashabiki hulipita haraka. Mkataba wa mchezaji unaweza kubadilishwa kwa mkataba wa mwingine, naye akahama mji akiwa hajaombwa. Februari 2010 Oduya alipelekwa Atlanta, katika mabadilishano yaliyompeleka nyota Ilya Kovalchuk New Jersey. Mwaka uliofuata timu nzima ya Atlanta ikahamishiwa Winnipeg. Februari 2012 akapelekwa Chicago. Miji minne katika miaka miwili na kidogo! Anayehama hivyo huwa na mke, watoto, nyumba, majirani.

Chicago ndiko alikovuna. Tarehe 24 Juni 2013, katika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi hiyo kuu, Boston ilikuwa inaongoza 2-1 zikiwa zimebaki sekunde 76 tu. Bryan Bickell akasawazisha. Sekunde 17 baadaye Oduya akapiga kutoka mbali. Michael Frolik akakigusa kisahani njiani, kikagonga mwamba, na Dave Bolland akamalizia; kombe likawa la Chicago. Kitabuni mfungaji ni Bolland, lakini beki aliyekianzisha alikuwa mtoto wa Mkenya. Mwaka uliofuata alipata medali ya fedha ya Olimpiki na Sweden, na mwaka 2015 akalinyanyua kombe lile tena. Alipoacha ligi kuu mwaka 2018 alikuwa ameichezea mechi 850.

Kenya nayo ina uwanja wa barafu, ndani ya Hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Hapo ndipo timu ya Ice Lions ilipozaliwa, katika uwanja mdogo sana ukilinganishwa na ule rasmi wa mita 60. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Wachezaji hawa huishi kwa kazi nyingine; hoki ni ya jioni na wikendi.

Barabara hiyohiyo ya Mombasa ndiyo inayopita Salama, njia panda ya kupandia Nunguni. Nimempigia hesabu mtoto wa kwetu anayeutamani mchezo huu: matatu ya kushuka hadi Salama, nyingine hadi Panari, viatu vya kukodi, saa moja ya kuteleza na kuanguka, kisha safari yote tena hadi kilimani, afike ukungu umeshashuka na maji ya jioni bado hayajachotwa.