Nyani hasahau mwembe

Mkulima wa kando ya mto Tana, pale Garissa, hafundishwi kwamba nyani anakumbuka. Maembe yakianza kuiva, huyo karudi kwenye mti ule ule wa mwaka jana. Tena wengi watakuambia anamjua mwanamume mwenye fimbo na mtoto aliyeachiwa kulinda shamba. Picha hizo zote anaziweka wapi?

Jibu lilianza kutafutwa kwa kisu. Mwaka 1978 Mmarekani Mortimer Mishkin aliwaonyesha kima wa Asia, aina ya rhesus, kitu kimoja, akakificha, kisha akakirudisha pamoja na kingine kipya. Aliyechagua kipya alipewa chakula. Waliokatwa hipokampasi na amigdala, vinundu vilivyojificha ndani ya ubongo usawa wa sikio, walisahau baada ya dakika moja mbili. Vinundu vikapewa sifa. Kumbe kisu kilikuwa kimepita kwa jirani: utafiti wa 1993 ulionyesha kwamba mwenye kazi hiyo hasa ni gamba la ubongo lililo ubavuni mwavyo. Miaka 15 sifa zilikuwa zimekwenda kwa asiyestahili.

Mashine ya MRI haikati kitu. Ni sumaku kubwa, na siri yake ni damu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayotumia, na damu hiyo haiathiriwi na sumaku sawa na ile iliyokwishatoa oksijeni. Mtafiti Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha hilo kwa panya mwaka 1990. Kwa hiyo mashine haioni wazo. Huona damu ikifuata kazi, tena ikichelewa sekunde kadhaa. Ni kama kuijua nyumba yenye wageni kwa kutazama boza la maji limesimama wapi.

Kwa njia hiyo mtafiti Doris Tsao na wenzake walipata madoa katika ubongo wa kima yanayoamka anapoona nyuso. Mwaka 2006 walichomeka waya mwembamba katika doa moja: asilimia 97 ya seli walizopima ziliitikia nyuso zaidi kuliko vitu vingine. Kima hao ni binamu wa nyani wetu. Binafsi naona afadhali sumaku kuliko kisu, ingawa mnyama bado amefungwa kitini.

Na gamba lile la ubavuni latuhusu sisi pia. Mwaka 1991 Heiko na Eva Braak walikagua ubongo wa marehemu 83, wakaona kwamba ugonjwa wa usahaulifu wa Alzheimer huanzia maeneo hayo. Ndiyo maana mzee anaweza kukusimulia ukame wa 1984 ng'ombe kwa ng'ombe, kisha akauliza mara tatu kikombe chake kiko wapi. Msiseme ni uzee tu, wala msimfiche nyumbani. Mpelekeni hospitali apimwe, kwani upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo iliyolegea pia huleta usahaulifu, na hivyo viwili vina dawa.