Turbo za Tensta: karatasi ya daino inasema kweli?

TENSTA, STOCKHOLM – Wasomaji wetu walioko Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wenye ndugu hapa Sweden bila shaka wameshaletewa picha ya aina hii kwenye simu: karatasi yenye mistari miwili inayopanda kama mlima, na juu yake idadi ya nguvu za farasi. Hiyo ndiyo karatasi ya daino, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari. Vijana hubishana juu yake usiku kucha. Ubishi peke yake hauna ubaya, lakini mara nyingi huishia kwa mtu kutuma fedha. Aliye Nairobi hutaka turbo kama ya binamu yake, aliye hapa huinunua ya mtumba na kuipakia kwenye kontena, na baada ya miezi michache injini iko chini, pistoni zimetoboka, na undugu nao umeingia ufa.

Tensta ni mtaa uliojengwa baina ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika ule mpango wa serikali ya Sweden wa kujenga nyumba milioni moja. Leo ni mtaa wa wageni: Wasomali wengi, wakiwemo waliopitia Kenya na wanaozungumza Kiswahili vizuri tu, Waeritrea, Waarabu, Wakurdi na wengineo. Jirani yake, upande wa Spånga, lipo eneo la viwanda la Lunda lenye gereji na maduka ya spea. Mwenye Saab au Volvo kuukuu hapati shida ya kupata fundi wala mshauri. Washauri ndio wengi zaidi.

Na hapa ndipo penyewe, kwani Sweden na turbo ni kitu kimoja. Kifaa chenyewe kilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini huzungusha turbini, turbini huzungusha kompresa iliyo kwenye shafti hiyo hiyo, na kompresa husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Volvo ilitia turbo kwenye lori lake la Titan mwaka 1954. Wenye kukumbuka malori ya Scania katika barabara zetu watafurahi kusikia kwamba Scania ya V8 iliyotoka mwaka 1969, ya lita 14, ilikuwa na nguvu za farasi 350. Siku hizi kuna kijana anayetaka idadi hiyo hiyo kutoka injini ya lita 2.3. Ataipata. Itadumu muda gani ni suala jingine.

Kwa magari madogo, Saab ndiyo iliyofungua njia kwa 99 Turbo ya mwaka 1978, ya lita 2 na nguvu za farasi 145. Mwaka uliofuata Stig Blomqvist alishinda nayo mbio za Sweden, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa gari la turbo katika mashindano ya dunia ya rali. Watu wa Afrika Mashariki wanamkumbuka zaidi Msweden mwingine, marehemu Björn Waldegård, aliyeshinda Safari Rally mara nne, na mara tatu kati ya hizo, miaka ya 1984, 1986 na 1990, alikuwa ndani ya Toyota Celica yenye turbo. Kampuni ya magari ya Saab ilifilisika Desemba 2011, lakini magari yake bado yapo, bei yake si kubwa, na ndiyo maana vijana wanayapenda.

Tuje kwenye turbo zenyewe. Saab 9-5 ya lita 2.3 ya kawaida ilitoka kiwandani na turbo ndogo ya Garrett, GT17, ikiwa na nguvu za farasi 170 na baadaye 185. Ndugu yake, Aero, ilipewa Mitsubishi TD04 iliyo kubwa zaidi, ikaanza na 230 kisha ikapanda hadi 250. Basi hatua ya kwanza ya wengi ni kutoa GT17 na kufunga TD04 ya mtumba kutoka Aero iliyokatwa. Wenye Volvo 850 na V70 wana ngazi yao ndani ya ukoo huo huo wa TD04: kutoka 15G kwenda 16T, na wenye tamaa hufika 19T. Sisi tunaona hatua hizi za kawaida ndizo zenye faida kubwa kwa fedha kidogo, kwa sababu mtengenezaji mwenyewe alishazijaribu.

Kisha wapo wanaofunga turbo ya Holset iliyotoka kwenye lori. Kwenye karatasi ya daino gari hili humshinda kila mtu. Lakini utazame mstari huo kuanzia mwanzo, si mwishoni tu. Turbini kubwa ni nzito na huchelewa kuzunguka. Chini ya mizunguko 3,500 au 4,000 kwa dakika gari limelala, halafu nguvu zote zinakuja kwa mpigo, jambo ambalo klachi, gia boksi na barabara yenye barafu havilipendi. Gari lenye farasi 260 linaloamka kwenye mizunguko 2,000 litaliacha mbali lile la farasi 350 kwenye barabara ya kawaida yenye magari na taa.

Karatasi yenyewe inaweza kuhojiwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua msokoto wa injini kwa nyutoni mita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,024. Jibu ni nguvu za farasi. Akikwambia mtu gari lake lilitoa 350 kwenye mizunguko 5,500, basi mstari wa msokoto hapo lazima uonyeshe kama 447. Ukionyesha 380, usiendelee na mazungumzo.

Muulize pia amepima wapi. Daino ya rola hupima kwenye tairi, na tairi huteleza na kupata moto. Ile inayofungwa moja kwa moja kwenye ekseli baada ya magurudumu kutolewa, kama zinazotengenezwa na kampuni ya Rototest ya hapa Sweden, haina shida hiyo. Halafu nguvu iliyopimwa kwenye gurudumu si ile ya injini. Mwenye gereji huongeza kiasi fulani kufidia kinachopotea njiani, na kiasi hicho ni yeye anayekichagua. Hapo mteja hufurahishwa bila hata spana kushikwa.

Kubwa kuliko yote, kwa wasomaji wetu wa nyumbani, ni hewa. Hewa ya Stockholm wakati wa baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni nzito kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Dar kwenye joto la nyuzi 30. Nairobi nako, kwa kuwa iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,700 hadi 1,800, mgandamizo wa hewa ni kama baa 0.82 badala ya 1. Turbo inayosukuma baa moja juu ya hewa ya nje hapa Tensta huzidisha mgandamizo mara 2. Ili injini ya Nairobi ipate hewa ile ile, turbo lazima izidishe mara 2.4 na zaidi, yaani shafti ikimbie kasi zaidi na hewa itoke ikiwa moto zaidi. Turbo ndogo iliyokuwa imeshafika mwisho wake hapa, kule itavuka mpaka na kufa.

Na daino nyingi zina hesabu ya kusahihisha hali ya hewa, iliyotungwa hasa kwa injini zisizo na turbo. Kwa Nairobi hesabu hiyo huweza kuongeza karibu asilimia 20. Kompyuta ya gari ikiwa imeshafidia yenyewe kwa kuongeza msukumo wa turbo, basi gari linafidiwa mara mbili: farasi 200 wa kweli wanaandikwa 240. Ndiyo maana tunawashauri waombe karatasi mbili za gari moja, kabla na baada ya kubadilisha turbo, kwenye mashine moja, ikiwezekana siku moja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo habari yenyewe.

Jambo la mafuta nalo limewaumiza wengi. Magari mengi ya hapa yenye namba kubwa yamepimwa kwa E85, mafuta yenye sehemu kubwa ya ethanoli yanayouzwa kwenye vituo vingi vya Sweden. Huvumilia mgandamizo mkubwa bila injini kugonga, ingawa hunywewa zaidi kwa kama asilimia 30 na hudai nozeli kubwa. Programu iliyotungwa kwa E85 ikipelekwa kwenye Subaru inayokunywa petroli ya pampu ya Mombasa, pistoni hazimalizi safari.

Kwa walioko hapa, ukaguzi wa magari haujali karatasi ya daino. Injini ikibadilishwa hadi isilingane na ilivyosajiliwa, gari linapaswa kupelekwa kwenye ukaguzi wa usajili, na kampuni ya bima inaweza kupunguza au kukataa malipo siku ya ajali. Breki ni zile zile za farasi 170.

Anayenunua turbo ya mtumba Lunda kwa ajili ya mtu wa nyumbani aishike shafti kwa vidole kabla ya kutoa fedha. Kuyumba kidogo sana upande kwa upande ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma kunakohisika kwa kidole, hapana. Atazame mapanga ya kompresa kama yamegusa ukuta, na kama ndani kuna mafuta mabichi. Halafu anunue na gasketi mpya na bomba jipya la mafuta, kwani bomba la zamani lenye masizi huiua turbo mpya ndani ya wiki, na kontena la pili ni ghali.