Kufunga, Kukomea na Waya wa Amri: Istilahi za Alamu ya Gari

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya, na magari mengi madogo yaipitayo yalitumika kwanza Japani. Aghalabu huwa na vitasa vya umeme vilivyotiwa kiwandani, lakini si yote yenye alamu. Mwenye gari hununua alamu dukani, akampelekea fundi umeme wa Mwanjelwa au Ipogolo pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Mfasiri wa karatasi hiyo akikosea neno, huungua fyuzi, na pengine zaidi ya fyuzi.

Tuanze na kitenzi. Kwa Kiswahili twafunga mlango, twafunga alamu garini, twafunga waya kwa waya, tena twafunga kitasa. Fundi aliye mbele ya gari huyaelewa yote kwa kutazama. Lakini sentensi kama "funga waya wa kufunga kisha ufunge mlango" haimfai msomaji. Tunapendekeza kufunga kubakie kwa mlango; alamu itiwe, nyaya ziungwe, na kitasa kikomewe. Kinyume cha kukomea, yaani kukomoa, kimo tayari katika lugha. Twajua vijana wa karakana watacheka, maana kumkomoa mtu ni kumtia adabu kwa chuki. Na wacheke, waya wa kukomoa hautadhaniwa kuwa mwingine.

Alamu nayo isichanganywe na king'ora. King'ora ni kile chombo kiliacho. Alamu ni mtambo mzima, pamoja na kisanduku chake na kidude cha mkononi.

Tatizo kubwa limo katika neno hasi. Katika magari mengi ya Kijapani swichi ya mlangoni haipeleki umeme kwenye mota za vitasa. Hugusisha tu waya mwembamba na bodi ya gari, iliyoungwa na upande hasi wa betri, na kisanduku cha gari kikipata ishara hiyo ndicho kinachozizungusha mota. Waya huo ukiwa umetulia si hasi hata kidogo: mita huonyesha volti, nazo hushuka hadi sifuri swichi ibonyezwapo. Mfasiri akiandika "waya hasi", fundi atautafuta ule ulioshikana na bodi siku zote, na ataunga pasipo. Afadhali tuseme waya wa amri hasi. Gari ambalo swichi yake hupeleka volti 12 kwenye kisanduku litakuwa na waya wa amri chanya.

Ipo namna ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari. Hapa swichi huendesha mota moja kwa moja kwa nyaya mbili, ambazo zote mbili hutulia zikiwa zimegusa bodi. Ukipeleka volti 12 katika mmoja, mota hukomea, na ukipeleka katika wa pili hukomoa. Tuiite namna ya kupinduana. Akiunganisha hapo waya wenye moto bila kukata ule wa gari, fundi atakuwa ameuelekeza moto bodini. Hukatwa waya, kisha hutiwa rilei mbili za miguu mitano, moja kwa kila waya: mguu wa 30 huelekea kwenye mota, wa 87a kwenye swichi, na wa 87 kwenye moto uliopitia fyuzi. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili, na ndiyo ipokeayo amri ya alamu. Nambari hizi zisitafsiriwe wala zisiachwe, kwa kuwa zimechapwa kwenye rilei yenyewe.

Vilevile neno volti lisiandikwe bila tarakimu. Malori yapandayo Kitonga aghalabu hutumia volti 24, na alamu ya volti 12 haiyafai.

Walimu na wafasiri walio karibu na karakana za Mbeya na Iringa tunawaomba watuletee maneno wayasikiayo huko, hasa jina la ile namna ya tatu, kwani kupinduana hakujaturidhisha.