Mafuta yetu ya bajia yalivyofika msalani kwa jirani

MVUA ya Mei ilikuwa siku ya tatu bila kupumua, bibi wa chini alipopanda ngazi mpaka mlangoni petu. Hilo peke yake lilinishtua. Bibi amepita miaka sabini, goti moja limemkataa, na akiwa na haja nasi hugonga bomba la ukutani kwa mwiko mara tatu, mmoja wetu ashuke. Siku hiyo alipanda mwenyewe, leso imelowa hadi magotini.

"Mwanangu, shuka uone maji yanopanda msalani kwangu," aliniambia.

Nikashuka. Maji meusi yalikuwa yamevuka kizingiti cha msala, yamepita ukumbini, yameingia chumbani. Zulia alishalikunja, lakini godoro lake, ambalo hulitandika chini kwa sababu ya mgongo, lilikuwa limenyonya mpaka katikati. Juu ya maji zinaelea punje za wali na majani ya chai. Harufu sitaieleza. Kama umewahi kukatiza vichochoro vya Mji wa Kale wakati wa masika, unaijua.

Sisi tunakaa ghorofa ya juu yake, hapa Kibokoni, kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo kazi yangu ya mchana ni kumsaidia mama. Kila siku baada ya alasiri tunakaanga bajia, viazi karai na kachri, tunauza pale kona. Usiku naandika. Hiyo habari ya kukaanga ishike, tutairudia.

Fundi wa kwanza kuitwa nilikuwa mimi mwenyewe, maana nimeona video kumi za YouTube na sioni kwa nini nilipe mtu. Nikachemsha sufuria mbili za maji nikamwaga kwenye sinki letu. Yakashuka vizuri, nikajiona mjanja. Baada ya nusu saa bibi akagonga bomba. Nikaenda dukani nikanunua kostiki soda, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, nikayamimina yote. Bomba likawa la moto mpaka huwezi kulishika. Yasiposaidia nikachukua chupa ya asidi ya kusafishia choo nikitaka kuiongeza juu yake. Mama ndiye aliyenipokonya, si kwa sababu anajua kemia, ila chupa ilikuwa mpya na imemgharimu.

Chupa hiyo huenda iliniokoa macho. Fundi alipokuja na kusikia nilichotaka kufanya, alinitazama kama anayetazama mtoto aliyepanda juu ya paa. Asidi ikikutana na magadi makali ndani ya bomba huchemka ghafla na kurudi juu, usoni kwako. Na asidi ikikutana na Jik hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu, na misala yetu haina madirisha ya maana. Kuhusu maji moto, alisema nimesukuma ugonjwa mbele tu: mafuta huyeyuka hapa, yakaenda mita mbili tatu, yakapoa na kuganda upya mahali ambapo mkono haufiki.

Huyu fundi mtaani tunamwita Ami, kama tunavyowaita wazee wengi wa rika lake. Alifika baada ya swala ya alfajiri, fimbo zake amezifunga begani kama mtu anayekwenda kuvua. Gari hana, na angelikuwa nalo lisingepita. Hapo ndipo shida ya Mji wa Kale inapoanza. Kwingine shimo likijaa unapigia simu lori la kunyonya majitaka. Huku kwetu hata mkokoteni hukwama ukikutana na mwenzake, na lori likisimama barabara kubwa unaomba Mungu mpira wake ufike.

Ami hakugusa kitu kwanza. Alitaka mifereji yote ya nyumba ifungwe, kisha akauliza maswali kama daktari. Ni sinki moja tu linalogoma? Basi uchafu umo kwenye ile kona ya bomba iliyo chini yake, fungua kwa mkono, weka ndoo, umemaliza, usimwite mtu. Ni maji kupanda kwa aliye chini wakati aliye juu anaosha vyombo? Basi njia kuu imeziba, na wa chini anapokea mizigo ya nyumba nzima. Bibi alikuwa akioga kwa maji ya kopo moja siku nzima ili asiongeze maji, kumbe hayakuwa maji yake hata kidogo.

Halafu akatoa mfukoni nili, ile buluu ya kufulia kanzu. Akaikoroga kwenye jagi, akaenda jikoni kwa jirani wa ghorofa ya tatu, akamwaga. Tukasubiri msalani kwa bibi. Maji yalipanda taratibu, hayana rangi kubwa. Akakoroga tena, akamwaga kwenye sinki letu. Sijui kama dakika ilitimia. Maji ya buluu yalichomoza pale chini kama wino. Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakusema neno.

Kisha Ami akatoka nje, akatembea hatua saba kichochoroni, akapiga kisigino chini. "Chemba iko hapa." Pale palikuwa na saruji tupu. Mtu aliyekuwa akitengeneza baraza alikuwa ameifunika miaka iliyopita. Ami aliijua kwa kuwa alikuja na babake akiwa mdogo, kumshikia taa. Hakuna karatasi popote yenye ramani ya mabomba ya nyumba yetu, na yalipita ndani ya kuta nene ambazo huwezi kuzibomoa ovyo, maana huu ni mji wa hifadhi na kuna ofisi ya makumbusho inayosimamia hata milango. Ramani iko kichwani mwa mzee mmoja.

Alichimba kwa patasi na nyundo. Mfuniko ulipoinuka alitufukuza sote, pamoja na kijana aliyekuwa na sigara, tukakaa mbali karibu nusu saa. Hewa ya shimo la majitaka huua, alisema, na huua wa pili pia, yule anayeingia kumtoa wa kwanza. Yeye haingii kamwe, hata kwa pesa ngapi. Hufanya kazi akiwa juu.

Fimbo zake ni za plastiki, zinaungana kwa skurubu. Zamani walitumia mianzi. Siri ni moja: zungusha upande wa kukazia tu, mwanzo hadi mwisho. Ukisahau ukazungusha kinyume, zinafunguka humo ndani, na sasa una mzibo na fimbo juu yake. Alisukuma, akazungusha, akavuta, akasukuma. Kwenye fimbo ya sita kitu kikakubali. Sauti yake ni kama koo la mtu aliyekunywa maji baada ya funga.

Kilichotoka kilikuwa cheupe, kigumu, kama samli iliyolala nje usiku wa baridi, kimeshikana na nywele, majani ya chai na mfuko wa maziwa. Ami alikata kipande kwa mwiko wa saruji akaniletea puani. Nilidhani ananidhalilisha. Kumbe alitaka ninuse. Chini ya ule uvundo kulikuwa na bizari na kitunguu.

Sisemi ni sisi peke yetu duniani. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, walikuta bonge la mafuta na takataka la urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa kwenye makumbusho, watu wakaenda kukitazama. Lakini London uchafu huenda kwenye mabomba makuu. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki nyumba humaliza maji yake kwenye shimo, na shimo linategemea mwamba wa matumbawe kuyanywa. Ndiyo maana wazee hawaamini tena visima vya mtaani. Mafuta yakishapaka kuta za shimo, mwamba haunywi tena, na shimo linajaa hata kama ulilitapisha juzi. Tena maji yetu ya mfereji ni ya mgao. Wiki nzima unamwaga kwa kopo, hakuna nguvu ya kusukuma kitu, mafuta yanakaa na kuganda. Siku maji yakija, nyumba nzima inafua kwa pamoja.

Ami alitaka shilingi 3,000. Mwenye nyumba akasema kwa simu kwamba kuziba ni shauri la wapangaji. Wa ghorofa ya tatu wakasema wao nili imewasafisha. Mama alisema kila nyumba yakaanga, mbona sisi? Kisha akanyamaza, akaniambia nitume nusu kwa M-Pesa na nusu Ijumaa. Siku mbili hatukuuza.

Godoro la bibi halikufaa tena. Hakulidai. Mama alilinunua la mkopo, shilingi 6,500, akaandika deni kwenye daftari la biashara.

Sasa mafuta yaliyokwisha kazi yanapoa, yanachujwa, yanaingia kwenye dumu la lita tano. Karai inafutwa kwa gazeti kabla ya kuguswa na maji, na kwenye tundu la sinki tumeweka chujio la chai. Ami ana watoto watatu, wote wako Ghuba, hakuna aliyeshika fimbo. Aliniuliza kama Jumamosi nina kazi. Nimeshamfuata mara nne, na chemba mbili nazijua kwa kisigino.

Wiki iliyopita jioni bomba la ukutani liligongwa mara tatu. Mama aliacha mwiko ndani ya mafuta. Nilishuka ngazi mbili mbili, miguu mitupu. Bibi alikuwa mlangoni, sakafu kavu, ameshika noti ya mia.

"Nipe bajia za moto," alisema. "Na usinipunguzie."

Nilimpelekea sahani imejaa. Mama aliikataa ile noti na bibi akakataa kuirudisha mfukoni, ikabidi mama afungue daftari. Imeandikwa hivi: godoro, 6,500, ongeza mia.